Majina 38 kwenye Karatasi

Walikuja sita, saa mbili asubuhi, wametoka naiti moja kwa moja bila kupita nyumbani. Mmoja alikuwa bado na kirungu kiunoni. Mkubwa wao, mtu wa miaka hamsini na kitu, alivua kofia akaiweka magotini na kuishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeketi msibani. "Kaka," akaniambia, "tumechoka kuomba."

Ilikuwa katikati ya Agosti, na walikuwa hawajalipwa Mei, Juni wala Julai. Jumla yao walikuwa walinzi 38 wa kampuni moja ya ulinzi hapa Dar es Salaam, wametawanyika kwenye malindo: maghala, shule mbili, yadi ya makontena. Kila mwisho wa mwezi meneja aliwaandikia kwenye kundi lao la WhatsApp kwamba mteja mkubwa hajalipa, wavumilie, wiki ijayo mambo yatakaa sawa. Wakavumilia. Wakakopa kwa mangi mpaka mangi akafunga daftari. Wengine wakaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ambayo kadi yako ya benki inabaki kwa aliyekukopesha. Na kila jioni wakaendelea kuingia lindo kulinda mali ya mtu.

Mimi si wakili. Ni mwakilishi wa wafanyakazi, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 14, mingi yake ndani ya chama cha wafanyakazi, iliyobaki nikiitwa na watu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mfanyakazi kwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa na wakili, au kiongozi wa chama chake, au mtu aliyemchagua mwenyewe. Wazee bado wanasema "kwenda leba", lakini tangu 2007 mlango wa migogoro ya namna hii ni Tume: kwanza msuluhishi, na mkishindwana, mwamuzi.

Swali langu la kwanza kwa wale sita lilikuwa tarehe. Mshahara wa Mei ulitakiwa kuingia lini? Tarehe 31. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, na nilipogeuka walikuwa wameshaiona sura yangu. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro. Madai mengine yote, mshahara ukiwemo, yana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Siku 60 za Mei ziliisha mwishoni mwa Julai. Zile jumbe za "wiki ijayo" walizozipokea kama huruma zilikuwa zimewala muda wao. Hili ninalirudia popote ninapopewa nafasi ya kusema na wafanyakazi: mwajiri akikuahidi, mshukuru, lakini hesabu siku. Kufungua mgogoro Tume hakumzuii kukulipa kesho.

Tulijaza Fomu Namba 1, tukaambatisha orodha ya majina 38 na saini ya kila mmoja. Kwa Mei tukaomba kuongezewa muda, na sababu zetu zilikuwa jumbe zile zile za meneja, zimepigwa picha na kuchapwa, kila moja na tarehe yake. Ombi lilikubaliwa. Si kila ombi la aina hiyo hukubaliwa, na sikulala usingizi mzuri mpaka nilipousikia uamuzi.

Halafu tukaingia kwenye hesabu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani mashauri ya mishahara yanashindwa kwa kukosa maneno. Nimeyaona yakishindwa kwa kukosa hesabu.

Mshahara wao ulikuwa shilingi 222,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa kwa kampuni kubwa za ulinzi na amri ya mshahara ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023. Miezi mitatu ni 666,000 kwa kila mtu. Wao walikuja kudai hicho tu. Lakini nilipouliza wanaingia lini na kutoka lini, jibu lilikuwa moja: saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na zaidi ya hapo ni ovataimu, kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya malipo ya saa. Ili kuipata saa moja unachukua mshahara wa mwezi, unaugawa kwa 4.333, kisha unagawa kwa 45. Inakuja kama shilingi 1,138. Ongeza nusu yake, unapata 1,707 na senti. Saa 27 za ziada kila wiki, kwa mwezi mzima, zinafika shilingi 199,800. Nikaiandika ubaoni kwa chaki. Mkubwa wao aliitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ile ni ya mwaka.

Ni ya mwezi, afande. Na bado sijagusa nyongeza ya asilimia tano kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri.

Majibu ya maandishi ya mwajiri yalisema walinzi walikubali saa 12 tangu walipoajiriwa. Sheria kweli ina mlango huo: mfanyakazi anaweza kukubali kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu. Ila makubaliano hayo lazima yawe ya maandishi, siku zisizidi tano kwa wiki, na saa za kawaida zisipite 45. Hawa walifanya siku sita, na hakuna karatasi waliyosaini. Sheria ya Taasisi za Kazi inamtwika mwajiri mzigo mwingine ambao wafanyakazi wengi hawaujui: asipotunza kumbukumbu anazotakiwa kutunza, ni yeye wa kuthibitisha kwamba alifuata sheria. Mfanyakazi asiye na karatasi hajashindwa bado.

Hata hivyo sikuingia mikono mitupu. Kila lindo lina daftari ambalo mlinzi anasaini akiingia na akitoka. Niliwaambia wapige picha kurasa wanazosaini wenyewe, jina lao na saa yao, wasiguse ya mtu mwingine wala wasichane kitu. Wengine walileta picha kumi, wengine mia. Kijana mmoja wa yadi ya makontena alileta kila ukurasa wa miezi mitatu, umepangwa kwa tarehe. Nitarudi kwake.

Lazima niseme kwa nini nilikuwa mkali hivyo kwenye hesabu. Miaka tisa kabla ya shauri hili niliwawakilisha wafanyakazi 21 wa kiwanda kidogo cha matofali. Walidai miezi mitano. Mwajiri alilalamika hali ngumu, nami nikaamini kwamba nusu mkononi ni bora kuliko yote mahakamani. Tukasaini: nusu ya mishahara, kwa awamu nne, "malipo kamili na ya mwisho ya madai yote". Awamu ya kwanza ililipwa. Ya pili haikuja. Tulipoenda mahakamani kukazia hukumu, tungeweza kukazia ile nusu tu, maana nusu nyingine tulikuwa tumeisamehe kwa saini zetu wenyewe, na hati haikusema lolote kuhusu kuchelewa. Dalali wa mahakama alipofika alikuta kiwanja kitupu na rundo la matofali yaliyovunjika. Michango ya NSSF iliyokatwa kwenye mishahara yao na kutopelekwa nayo ilitupa tabu kuifuatilia, kwa sababu mwajiri alikuwa ameshika yale maneno "madai yote". Mama mmoja katika wale 21 aliniuliza, bila hasira, "Mwanangu, ile nusu nyingine tulimpa nani?"

Sikuwa na jibu. Swali lake ndilo lililonifundisha kazi hii. Toka siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wengine wanauona mgumu mno: mshahara wa kazi iliyokwisha kufanyika haupunguzwi mezani. Muda wa kuulipa unaweza kujadiliwa. Kinachobishaniwa kweli kweli, chenye hoja pande zote mbili, kinaweza kujadiliwa. Lakini mtu alisimama getini usiku 26 katika mwezi, mvua ikimnyeshea, na hilo halibishaniwi na yeyote. Hakuna nusu ya usiku ule inayoweza kurudishwa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda Tume tuliigawa hesabu mafungu mawili. Fungu la kwanza, mishahara ya miezi mitatu, tukaliwekea mstari mwekundu. Fungu la pili, ovataimu na nyongeza ya usiku, tukalichambua wenyewe kwa uaminifu. Je, ile saa moja ya kula inahesabiwa? Kwenye maghala walibadilishana, kwa hiyo walipumzika. Getini pa shule mlinzi alikuwa peke yake, alikula akiwa amesimama. Malindo mawili daftari zake hazikuonekana. Wengine walikosa siku kwa kuugua. Ukiyajua mapungufu yako kabla ya mwenzako, hayakutishi akiyataja.

Siku ya kwanza ya usuluhishi kampuni ilimleta ofisa ambaye hakuwa na mamlaka ya kukubali hata shilingi kumi. Niliomba kikao kiahirishwe, na aje mtu mwenye barua ya kumruhusu kusaini. Walinzi walinikasirikia; wengine walikuwa wameomba ruhusa kazini na wametumia nauli ya kukopa. Lakini kikao na mtu asiye na mamlaka kinakufanya ueleze udhaifu wako wote kwa mjumbe, kisha unasubiri majibu ya bosi aliyeshajua pa kukugonga. Msuluhishi ana siku 30, na zinaweza kuongezwa pande zote zikikubali. Tulikuwa na nafasi.

Yaliyosemwa na upande wa pili chumbani yanabaki chumbani. Usuluhishi ni wa siri na hauwezi kutumiwa baadaye kama ushahidi. Naeleza ya upande wetu tu, na yaliyoandikwa kwenye hati.

Kitu tulichokuwa nacho, ambacho kwenye shauri la matofali sikukifikiria, ni kujua fedha za kampuni zinakaa wapi. Kampuni ya ulinzi haina mali nyingi. Ina pikipiki mbili tatu, sare, redio, ofisi ya kupanga. Utajiri wake ni ankara, yaani fedha ambazo wateja wanadaiwa kwa huduma ya mwezi uliopita. Na walinzi wanawajua wateja kuliko mhasibu anavyowajua. Wao ndio wanaofungua geti. Walijua ni mteja yupi amesimama, yupi anasuasua, yupi amelipa. Mahakama inaweza kuamuru deni ambalo mtu wa tatu anadaiwa na kampuni lishikwe, na mwajiri mwenye akili anajua kwamba amri ya namna hiyo ikimfikia mteja wake, mkataba wa ulinzi unaweza kuondoka nayo. Kwa hiyo pendekezo letu lilikuwa hili: kampuni imwandikie mteja mmoja mwenye ankara isiyolipwa, kwa hiari yake, ikimwelekeza alipe sehemu ya ankara hiyo moja kwa moja kwenye akaunti za walinzi. Kampuni inahifadhi heshima yake, mteja anapunguza deni lake, na mshahara unapita njia ambayo haigeuzwi njiani.

Msuluhishi, mwanamke mtaratibu aliyependa kuuliza swali moja mara mbili, alitutenganisha, akatoka chumba hiki akaingia kile karibu siku nzima. Saa kumi na moja jioni tulikuwa na rasimu.

Sikuisaini siku ile, na hapo pia walinzi hawakunielewa. Niliomba siku tano. Jumapili tulikutana uwanja wa shule ya msingi, mara mbili: saa nne asubuhi na waliotoka naiti, saa moja na nusu usiku na waliotoka dei, tukiangaziwa na tochi za simu. Nilimwita kila mtu kwa jina na kumsomea kiasi chake, chake peke yake. Kwa aliyefanya siku zote ilikuwa 666,000 ya mishahara, bila kupungua hata senti, na asilimia 60 ya ovataimu, yaani 359,640. Nikawaeleza kile asilimia 40 inachonunua: kuepuka mwaka mmoja au zaidi wa kusubiri mwamuzi, na pengine Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi baada yake. Nikawaambia pia kwamba wakisubiri wanaweza kupata yote. Hilo mwakilishi asipolisema, anawauza watu wake.

Walikubali wote isipokuwa mmoja. Aliyekataa ni yule kijana wa yadi ya makontena. Alisema ana kila ukurasa, lindo lake halina mtu wa kumbadili, na yeye hadai asilimia. Wenzake walimzomea kidogo, wakamwambia atawaharibia. Niliwanyamazisha. Shauri la kundi ni mashauri mengi yaliyofungwa kwa kamba moja, na kila mtu ana haki ya kufungua upande wake. Tulimtoa kwenye makubaliano, mgogoro wake ukaenda kwa mwamuzi.

Kulikuwa na jina lingine. Mmoja wa wale sita waliokuja kwangu asubuhi ile ya kwanza, aliyekuwa na kirungu kiunoni, aliugua Septemba akafariki kabla ya kikao cha pili. Siku ya kusaini, orodha iliyochapwa ililetwa ikiwa imepungukiwa jina lake. Sisemi ilikuwa kwa makusudi. Lakini nimejifunza kuhesabu majina kabla ya kuhesabu fedha, na mkubwa wao alikuwa anahesabu pamoja nami, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Yuko wapi afande wetu?" Karatasi ikarudishwa kuchapwa upya. Aliandikwa kwa jina lake, na fedha zake zilipwe kwa msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo.

Hati yenyewe ilikuwa kurasa nne. Tulipoambiwa ni ndefu kwa mshahara wa walinzi, nilifikiria ule uwanja wa matofali. Kila mtu aliandikwa na kiasi chake, pamoja na kauli kama ni kabla ya kodi au baada. Mei na Juni zilipwe ndani ya siku saba, Julai mwisho wa mwezi, ovataimu mwezi unaofuata. Mishahara kwanza, kwa makusudi, ili kama kuna kitakachokwama kiwe kile kilichobishaniwa. Awamu yoyote ikichelewa zaidi ya siku saba, deni lote linaiva siku hiyo hiyo na ile asilimia 40 inarudi. Michango ya NSSF ilipewa kifungu chake peke yake: mwajiri aipeleke yote, sehemu yake na ile aliyokata, kisha alete uthibitisho. Hakuna atakayehamishwa lindo au kuondolewa kazini kwa sababu ya mgogoro huu. Na maneno "malipo kamili" yakafungwa kwenye madai yaliyoorodheshwa, kwa miezi iliyotajwa, basi. Msuluhishi naye akasaini, na hati ya namna hiyo inakaziwa mahakamani kama hukumu.

Awamu ya kwanza iliingia siku ya sita, saa tano asubuhi. Simu yangu ililia mpaka betri ikaisha. Hakuna aliyenipigia kushangilia. Walikuwa wanasoma tarakimu kwa sauti, wanataka nithibitishe. Awamu ya pili ilikuja kwa wakati. Ya tatu ilichelewa siku tano, nikaandika barua siku ya nne, ikaja. Mjane wa afande alipata barua ya usimamizi Desemba, baada ya safari tatu mahakamani na kikao cha ukoo huko Dodoma. Alipokuja kusaini kupokea, aliomba nimtolee nakala ya ukurasa wenye jina la mumewe. Nilimpa hati nzima.

Yule kijana alisikilizwa na mwamuzi mwaka uliofuata. Picha zake zilipokelewa, mwajiri hakuleta daftari wala mkataba wa maandishi, na tuzo ilitoka kwa ovataimu yote, nyongeza ya usiku ikiwemo. Ninapoandika haya bado hajalipwa. Tumefungua maombi ya kukazia tuzo Mahakama Kuu, na wakati huo kampuni imepoteza mteja mmoja na kuhama ofisi. Nilimshauri akubali pamoja na wenzake, na siwezi kumwambia leo kwamba alikosea. Alichodai kilikuwa chake. Juzi alinipigia akiwa lindo jipya, kwa kampuni nyingine, kuniuliza kama mteja wa yadi ya makontena bado anadaiwa na ile kampuni. Nikamwambia atafute ankara ya mwisho. Akasema anamjua karani wa geti.